Saa ya Ukutani ya Nyumba ya Olweny

Jumatatu, 3 Machi 1975

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha mbingu bila nguzo tuzionazo, nalifungua daftari hili. Rehema na amani zimshukie Mtume wake. Nawe utakayelisoma baada yangu, ukiwa binti yangu Rukiah au ukiwa mgeni, pokea salamu zangu kwanza, kisha uniwie radhi kwa yatakayofuata.

Nyumba ya Kawempe imekwisha! Vyumba vitatu na stoo. Mabati mapya, sakafu nyekundu. Nimejenga miaka arobaini, na hii ndiyo ya mwisho. Nimeapa.

Marehemu mwalimu wangu wa uashi alinifundisha jambo ambalo mafundi wa siku hizi hawalijui. Mwashi haondoki kwenye nyumba mpaka ampe mwenye nyumba zawadi ya shukrani, naye mwenye nyumba aipokee akiwa amesimama juu ya sakafu yake mwenyewe. Kabla ya hapo kazi haijaisha. Inabaki shingoni mwa mwashi.

Mwenye nyumba ni Olweny, dereva wa lori kule Nakawa. Kila jioni alikuja na koti lake la mvua la kijivu, akamwagilia kuta maji ili saruji isipasuke, huku akiimba vibaya nyimbo za kwao. Mwezi wa kumi alikwenda kazini asubuhi. Hajarejea. Sizidishi neno hapa, hata kwa kalamu.

Mkewe, Bi Teresa Ayot, ameumalizia ujenzi kwa cherehani yake. Leo nimempelekea funguo katika chumba anachopanga na wanawe watatu, hatua mia mbili tu kutoka kwenye nyumba yake. Amezirudisha mkononi mwangu kwa adabu. Anasema Olweny alimwahidi kuwa mlango ule wa mbele ataufungua yeye, kwa mkono wake, na familia nzima ikiwa nyuma yake. Basi atangoja.

Nikarudi na funguo. Uani nikamkuta mtu mwenye viatu vizito vinavyong'aa, anayapima madirisha kwa macho. "Hii nyumba iko ya nani, muzee? Iko tupu?" Nikasema wenyewe wako njiani. Akacheka. Akasema atapita tena Jumamosi, tarehe ishirini na tisa, na akiikuta tupu, yeye ana watu wa kuwaweka humo.

Ana watu!

Sikumwambia Bi Teresa. Ana hofu ya kumtosha. Lakini nimeazimia: zawadi yangu itakuwa kubwa kiasi cha kumwingiza ndani kabla ya siku hiyo. Nimemweleza yote mke wangu, Kulusum. Amefikiri kidogo, akasema nimpe kuku. Nikamfahamisha kwa upole kwamba mimi ni mwashi mwenye heshima, na kuku si zawadi.

Jumatano, 5 Machi

Sukari! Nani anaweza kuikataa sukari mwaka huu? Mpwa wangu Abdu aliniandikia kikaratasi cha kwenda ghala la mgao. Nilipanga foleni tangu baada ya Alfajiri. Nilisoma uradi wangu wote, nikaurudia. Nilipofika dirishani, sukari imekwisha. Sabuni imekwisha. Chumvi haikuja. Kilichobaki ni rangi ya viatu, nyeusi.

Mtu aliyesimama saa saba haondoki mikono mitupu. Nimechukua mikebe minne.

Njiani nikakutana na Masinde, seremala aliyeitengeneza milango ya nyumba ile. Ni mtu wa Busia, Mkristo, fundi hodari, na Mungu amemjaalia ulimi mrefu. Mlango wa mbele ameuchonga kwa mvule, na kila akipita huupigapiga kwa kiganja kama anayemsalimu ndugu yake. Akanifunulia kwamba naye anamwandalia Bi Teresa zawadi: kiti. Anasema kiti ndicho kitakachomwingiza mtu ndani, kwa kuwa mtu huingia ili akae. Akaitazama mikebe yangu. "Shehe," akasema, "sasa umtafutie na viatu."

Subira ni ibada.

Alhamisi, 6 Machi

Mtihani nyumbani. Kuku mwekundu wa Kulusum ameanza kuatamia, na wajukuu hawamwachi akatulia. Kulusum ameniomba ufunguo wa mlango wa nyuma wa nyumba ya Kawempe, ule wa stoo, ili amweke kule kwa muda. Nikasema nyumba mpya si banda. Akasema ni siku chache tu. Nikasema hapana. Akasema vyema, basi atamwatamisha chini ya kitanda changu.

Nimempa ufunguo.

Mayai kumi na mawili, ndani ya kasha nililokuwa nikiwekea vyombo vyangu. Aibu iliyoje! Kesho keshokutwa nitamwondoa.

Jumatatu, 10 Machi

Kuku wa kuatamia hahamishwi. Sikujua. Ukimsogeza anayaacha mayai. Kulusum ameniambia leo, kwa uso mtulivu kabisa. Siku ishirini na moja!

Juu ya hayo magoti yake yamemshika ghafla, hawezi kutoka huku kwetu Kibuli hadi Kawempe kwenda kumlisha. Lakini nisihangaike, asema. Ameshapanga. Sikuuliza amepanga nini, kwa maana akili yangu ilikuwa kwenye jambo kubwa zaidi.

Nimeipata zawadi! Saa ya ukutani, kasha lake la mti mweusi, kioo mbele, tarakimu za dhahabu. Nyumba yenye saa ukutani ni nyumba ya watu. Bi Teresa akiiona atataka kujua saa ngapi, na akitaka kujua saa ngapi itambidi aingie. Hata yule wa viatu akichungulia dirishani ataona saa na kuelewa kwamba hapa kuna wenyewe. Mshale mmoja, ndege wawili. Niliinunua katika duka lililopewa mwenyewe mpya mwaka juzi, baada ya Wahindi kuondoka. Zamani alikuwa mwuza nyama.

Nilipofika nyumbani nikaitegea sikio. Kimya. Nikalifungua kasha. Ndani hamna kitu! Hamna gurudumu, hamna hata msumari. Uso tu, na mishale miwili imesimama kwenye saa nane na dakika ishirini.

Nikarudi dukani. Mwuza nyama akashangaa kwa dhati. Akasema, "Muzee, saa ni uso. Hiyo ya ndani nani anaiona?"

Nimelitafakari jibu lake njia nzima. Kutokea dirishani, kweli, haionekani.

Jioni nimeitundika sebuleni. Inapendeza sana. Ili kuikamilisha hila, nimeifunga kamba uani na kuianika kanzu yangu moja, nyumba ipate sura ya kukaliwa.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya fedheha.

Baada ya sala watu wakanijia kunipa mkono. Mabruki, mabruki! Imamu mwenyewe akaniuliza kwa huzuni kwa nini nimelificha jambo la kheri. Jambo gani? Ndipo nikafahamu. Loice, mwanamke anayeuza mihogo mkabala na nyumba ile, ameiona kanzu yangu kwenye kamba. Amewaambia wote waliokula mihogo yake kwamba mzee Fadhul ameoa mke wa pili na kumjengea. Nilikwenda kumrekebisha. Akanitazama kwa masikitiko. "Muzee, wewe naoa, na hata soda hapana?"

Nilirudi nyumbani mzito wa miguu. Habari ilikuwa imenitangulia. Kulusum alinipakulia chakula. Nikaanza kuapa. Akainua mkono. Akauliza jambo moja tu: huyo bibi harusi anajua kukanda mgongo? Kwa maana akijua, aje kesho mapema, yeye amechoka na mgongo huu kwa miaka thelathini na sita.

Kisha akacheka mpaka akaushika ukuta. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, ingawa ni Ijumaa.

Kanzu nimeiondoa.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Mkono unaniuma.

Asubuhi Kulusum alinitaka nipeleke mtama Kawempe. Nilipokuwa nikiukabidhi ndipo akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ni nani amekuwa akimlisha kuku siku zote hizi. Bi Teresa! Kulusum alimwendea kwake na kumwomba kwa ajili ya magoti yake. Bi Teresa alisema hawezi, anangoja ahadi ya mlango. Kulusum akamwuliza mlango upi. Wa mbele, akasema Bi Teresa. Kulusum akamwambia kuku yuko kwa nyuma.

Nikasema basi ni vizuri. Na hapohapo nikakumbuka. Kasha! Ndani ya kasha lile la vyombo, chini kabisa, nililikunja koti la Olweny. Alilisahau kwenye msumari jioni yake ya mwisho, kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika. Sikuwa na moyo wa kumpelekea mkewe, wala wa kulitupa. Nililificha humo nisilione. Kulusum aliweka kuku juu yake akidhani ni gunia.

Nilikwenda mbio. Mzee wa miaka sitini na minane, mbio! Kuku alikuwa amekaa juu ya koti kama malkia. Nikaingiza mkono polepole, nikisema maneno mema. Nilishika ukosi. Akanidonoa mara tano. Nikavuta. Akanidonoa mara nyingine ambazo sikuzihesabu. Ndipo nikasikia hatua. Nikajibanza nyuma ya magunia ya saruji, nikiwa na damu mkononi na unyoya kwenye kofia.

Bi Teresa akaingia. Akamwagia kuku mtama. Akainama kumtazama. Nikaona mgongo wake umesimama. Mkono wa koti ulikuwa umetokeza nje ya kasha, nilipolivuta mimi.

Nilifumba macho. Nikasema, ewe Mola, kilio hiki ni juu yangu.

Hakulia. Aliushika ule mkono wa koti, akaushika vile unavyoshikwa mkono wa mtu. Akakaa chini sakafuni. Muda mrefu. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitazamia. Anacheka! Anacheka taratibu, akimwambia kuku kwa Kiswahili, "Olweny huyu! Hata koti lake halijui kumfukuza mgeni."

Nikapiga chafya. Saruji.

Hakushtuka. Akasema, bila kugeuka, "Mzee Fadhul, toka huko, utaumwa kifua." Nikatoka. Akanifunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa. Akaniuliza kama Olweny alikuwa akiimba hapa. Nikasema kila jioni. Akauliza kama aliimba vizuri. Mimi sisemi uongo. Nikasema hapana. Akacheka tena, na safari hii machozi yalikuwamo, lakini hayakuwa yale niliyoyaogopa.

Kabla ya kuondoka aliifagia stoo.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua kubwa tangu adhuhuri. Nilikwenda kutazama kama paa linavuja. Halivuji! Nikamkuta Bi Teresa na wanawe watatu wamekwama stoo. Mtoto mdogo anaitwa Apio. Amempa kuku jina la mwalimu wake wa shule. Mama yao alikuwa amewasha sigiri kwenye baraza ya nyuma, anachemsha viazi. Nikaisikia harufu ya moshi katika nyumba niliyoijenga. Nilisimama pale zaidi kidogo kuliko ilivyonibidi, kisha nikasimama tena.

Masinde akaja, amelowa, kiti kichwani. Akataka kukiingiza kwa mlango wa mbele. Bi Teresa akamwomba apite nyuma. Masinde akaulizia mlango wake wa mvule: je, hautafunguliwa? Akaambiwa utafunguliwa na mwenyewe. Masikini, alichonga miezi miwili! Kiti kikakwama kwenye mlango wa stoo, kwa kuwa kina mikono mipana kama ya askofu. Tulikisukuma watu wazima wawili. Nikamwambia Masinde kwamba saa haikwami popote. Akaniambia saa yangu haiendi popote.

Nilitumia nafasi hiyo kuwaongoza wote sebuleni, kwa njia ya ndani, waione zawadi yangu. Walisimama mbele yake kwa heshima. Apio akauliza mbona haisemi. Nikasema ni saa ya adabu. Bi Teresa akauliza kama kasha lake linafunguka. Nikasema linafunguka. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeliweka neno mahali.

Imeanza kumvuta! Niliona kwa macho yangu.

Alhamisi, 27 Machi

Vifaranga tisa! Wiki hii ya Maulidi Mungu ametuonyesha neema ndogo zenye manyoya. Watoto wa Bi Teresa wamekataa kabisa kurudi kwenye chumba cha kupanga. Kulusum amefika mwenyewe, kwa miguu, akaliangalia kasha, akasema kwa sauti ya wasiwasi kwamba eneo hili lina nguchiro, na kwamba vifaranga wa siku moja hawaachwi peke yao. Itabidi mtu alale nao.

Bi Teresa akalitazama koti chini ya kuku. Kisha akawatuma wanawe wakalete godoro. Cherehani ikafuata. Kisha sufuria. Vyote kwa nyuma.

Naandika haya kwa furaha mbili. Ya kwanza, siku mbili kabla ya tarehe, nyumba ina watu! Saa ya ukutani imefanya kazi yake. Ya pili, magoti ya Kulusum yamepona kabisa. Nilikuwa nikimpaka mafuta ya ufuta niliyoyasomea dua. Sikujua kwamba yana nguvu kiasi hicho. Nitawapa na wengine.

Jumamosi, 29 Machi

Amekuja.

Nilikuwapo tangu mapema, mikebe ya rangi ya viatu mfukoni, nisijue niifanyie nini. Masinde naye alikuwapo, amekuja, alisema, kulainisha bawaba. Bawaba zake hazijawahi kulia. Loice alikuwa kwenye mihogo yake, ameacha kuuza.

Mtu wa viatu akaupiga mlango wa mbele kwa ngumi. Mara tatu. Masinde akafumba macho kana kwamba anapigwa yeye. Kutoka nyuma sauti ya Bi Teresa ikasema, bila kutetemeka, "Pita nyuma! Huo mlango una mwenyewe."

Mtu yule akazunguka.

Akakuta godoro, cherehani, sigiri ina moto, watoto watatu na vifaranga tisa. Kuku mwekundu akamwona. Akavirukia vile viatu kwa mdomo na makucha, viatu ambavyo mji mzima unavipisha njia! Nikasoma shahada moyoni. Bi Teresa hakumwita kuku. Wala hakuomba radhi.

"Bwana yako iko wapi?"

"Kazini," akasema Bi Teresa.

Mtu yule alilitazama koti la kijivu, ambalo sasa limefuliwa na kutundikwa msumarini, mabega yake yamekaa kama ya mtu. Alilitazama muda. Akamtazama Apio, aliyemshika kifaranga mmoja kifuani kwa mikono miwili. Kisha akainua macho, mlango wa ndani ukiwa wazi, akaiona saa yangu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa ilisema saa nane na dakika ishirini. Akasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba mama yake naye alikuwa na kuku mkali namna hii. Akageuka.

Nikamfuata, nikampa mkebe mmoja wa rangi ya viatu, kwa sababu kuku alikuwa amevichubua. Akaupokea. Akaenda.

Masinde akanishika bega. Akasema, "Shehe, kumbe viatu ulivipata."

Ni dhahiri alitazama saa, akaona amechelewa. Alhamdulillahi!

Jumatatu, 31 Machi

Kazi imetoka shingoni mwangu.

Leo asubuhi Bi Teresa amesimama juu ya sakafu yake, mimi mbele yake katika kanzu safi, nikamkabidhi saa kwa hotuba fupi niliyoiandaa, ambayo haikuwa fupi. Alisikiliza yote. Kisha akaomba ufunguo wa mlango wa mbele. Nikampa. Akalifungua kasha la saa, akauweka ufunguo humo ndani, penye nafasi ile tupu, akalifunga taratibu. Akasema, "Saa hii inajua kungoja, Mzee."

Nikasema naona mvua inakuja.

Kulusum alipewa vifaranga wawili. Nilipoingia stoo nikamkuta na Bi Teresa wanacheka, wameshikana mikono. Waliponiona wakaacha. Nikauliza wanachekea nini. Wakasema magoti.

Wanawake wana mambo yao.

Nimepita tena Kawempe baada ya Magharibi, ingawa si njia yangu. Taa ilikuwa dirishani. Mtu alikuwa anaimba, mmoja wa watoto, vibaya sana. Nikaegemea ukuta wa nje, nikausikiliza wimbo wote.

Na sasa habari njema. Bwana Erinayo, mwalimu mkuu mstaafu wa Mengo, ameniomba nimjengee vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Nimekubali. Hii ndiyo ya mwisho. Nimeapa. Na kwa kuwa mtu hujifunza kwa umri, safari hii sitasumbuka kutafuta zawadi. Nimeshamwagiza mwuza nyama saa nyingine kama ile, kubwa zaidi, na nikasisitiza kwamba ndani isiwe na kitu, maana zenye vitu ndani sijazijaribu. Mikebe mitatu ya rangi ya viatu nimeihifadhi pia. Kulusum ameuliza, akiwa amewainamia vifaranga wake wawili, kama nisingefikiria kumpa Bwana Erinayo kuku.

Nikamfahamisha, kwa upole, kwamba kuku si zawadi.

Ewe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akuhifadhi wewe na wote ulalao nao chini ya paa moja. Aijaze nyumba yako moshi wa chakula na kelele za watoto. Na kila mtu wako aliye njiani, amrejeshe salama, aukute mlango wake unamngoja. Amina.